Jamani, sichapi noti bandia, naunda ndege!

Saa tano usiku nasikia mlango unagongwa. Wala haikuwa hodi ya jirani anayekuja kuazima kiberiti. Hii ilikuwa hodi ya mkono mzito, ngo ngo ngo, hodi ya mtu mwenye shughuli rasmi. Nafungua, nani? Mjumbe wetu wa shina mwenyewe, baraghashia kichwani, nyuma yake mama mwenye nyumba kajitanda khanga, na nyuma ya mama mwenye nyumba vijana wawili wa sungusungu na virungu vyao.

"Mwanangu," mjumbe akaanza kwa sauti ya msibani, "tumeletewa habari. Tunaomba tuingie ndani tuone kwa macho yetu."

Nikawapisha. Macho yote yakaenda mezani. Na kweli, ukiitazama meza yangu kwa jicho la mjumbe, mambo yalikuwa mabaya. Taa imeinamishwa. Wembe. Rula ya chuma. Chupa ya gundi. Vikopo vya rangi za maji. Na karatasi, karatasi tele, zimekatwa vipande vilivyonyooka kama vya benki. Kumbe kuna jirani alikuwa ananichungulia dirishani wiki tatu nzima, na hesabu yake akaimaliza: mtu anayekata karatasi usiku wa manane, halafu asubuhi anavaa shati safi anakwenda kazini, huyo anachapa noti.

Nikainua kitu nilichokuwa nakiunda. Mkia wa ndege, mdogo, unaenea kiganjani. Mjumbe akaushika kwa vidole viwili kama aliyeshika panya, akaugeuza huku na huku.

"Hii ya mtoto?"

"Hapana mzee. Yangu."

Akanitazama kwa huruma sana. Wallahi nawaambia, nadhani angenikuta na noti bandia angeniheshimu zaidi.

Basi mpenzi msomaji, kwa kuwa mtaa mzima umeshajua, na mimi nimeamua kujitoa kimasomaso. Mwenzenu ni mtu mzima, nina mke na watoto wawili, nalipa kodi ya nyumba (mara nyingine kwa wakati), na starehe yangu ni kuunda ndege za karatasi. Sisemi zile za kukunja darasani mwalimu akigeukia ubao. Nasema ndege kamili, yenye mabawa, injini, madirisha na magurudumu, vyote kwa karatasi na gundi, ambayo ukiipiga picha kwa karibu mshikaji anaweza kukuuliza uko uwanja gani.

Ugonjwa huu aliniambukiza mjomba wangu. Yeye alipata bahati ya kwenda kusoma Poland, na aliporudi, miaka ya 80 inaelekea mwisho, alileta koti zito ambalo hakulivaa tena maishani na furushi la majarida yaitwayo Mały Modelarz. Hilo ni jarida la Kipoland lililoanza mwaka 1957, na ajabu yake ni kwamba huli-somi. Unalikata! Kurasa zake zenyewe ndiyo ndege: bawa hapa, mkia kule, tairi pembeni, kila kipande kina namba. Ukimaliza jarida limekwisha, lakini ndege ipo. Kule plastiki za kuunganisha kutoka nchi za Magharibi zilikuwa adimu, karatasi ipo, basi watu wakawa mabingwa wa karatasi. Ndege zao nyingi huchorwa kwa skeli ya 1 kwa 33, yaani ndege halisi imegawanywa mara 33.

Na wala si Wapoland peke yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kila kitu cha maana kikiwa kinakwenda jeshini, karatasi ndiyo iliyobaki kwa watoto. Mwaka 1944 watoto wa Marekani walikuwa wanapata ndege za vita za karatasi kupitia chakula cha asubuhi kiitwacho Wheaties, zilizochorwa na jamaa mmoja anaitwa Wallis Rigby.

Mimi ndege yangu ya kwanza niliikata kwa mkasi wa jikoni wa mama, nikaigandisha kwa gundi ya unga wa ngano, ile ile tuliyokuwa tunatengenezea tiara. Ilikaa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nakuta bawa moja halipo, mkia umetobolewa. Mende! Gundi ya unga kwa mende ni pilau. Nililia, mjomba akacheka mpaka akakaa chini, na mambo ya ndege yakaishia pale kwa miaka mingi.

Sasa nije kwa Mzee.

Baba yangu alikuwa fundi wa ndege. Kazi alijifunzia Nairobi, enzi za East African Airways, lile shirika la nchi tatu. Mwaka 1977 shirika likavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, kila nchi ikaanza na lake: Kenya wakawa na Kenya Airways, sisi Air Tanzania. Mzee akarudi nyumbani na sanduku la spana. Kwa sababu ambazo hakupenda kuzisema hakurudi tena kwenye ndege. Alifanya kazi hii na ile, akaishia kutengeneza mashine za kusaga unga, na kwenye mashine za kusaga ndiko nilikomkuta mimi nilipopata akili. Habari za ndege alikuwa hasimulii. Ukimuuliza anasema, "Ndege ni chuma kama chuma kingine."

Mwaka 2021 akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, maneno yakapotea. Tukamleta kwetu. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake sebuleni anatazama ukuta, na usiku hapati usingizi, anaendelea kutazama ukuta ule ule. Majina ya wajukuu yakawa yanamchenga. Tulipewa mpira laini awe anauminya kwa mkono wa kulia kufanya mazoezi. Aliutupa chini ya kabati, na huko uko mpaka leo.

Mimi nilianza tena karatasi ili tu nami niwe na la kufanya nikikaa naye usiku. Huo ndio ukweli. Televisheni ilikuwa inamkera, mazungumzo hakuna. Nikapata mchoro wa Cessna Caravan, zile ndege ndogo zinazopeleka watalii Zanzibar, nikauchapisha stesheneri kwenye karatasi nzito, nikaanza kukata. Na wewe kijana unayesoma hapa ukitaka kujaribu, nakushauri uanze na hiyo hiyo. Mwili wake una mbavu bapa, karibu ni boksi, na injini ni moja. Vijana wengi wanataka waanze na Dreamliner ya Air Tanzania, ile iliyoingia nchini Julai 2018. Sawa, lakini jua kwamba ukiiunda kwa skeli ya 1 kwa 100 bawa hadi bawa ni sentimita 60. Kama umepanga chumba kimoja, mmoja wenu atalala nje.

Caravan ikaisha baada ya wiki mbili. Nikaiweka kwenye meza ndogo mbele ya Mzee. Akaitazama muda mrefu. Halafu akaisukuma pembeni kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayekataa chai isiyo na sukari.

"Fokker," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri. Lilikuwa neno la kwanza baada ya siku kadhaa. "Unasemaje, baba?"

"Fokker."

Fokker Friendship, F27. Kama wewe ni wa juzi huijui, ila waulize wakubwa wako. Ndege ya Kiholanzi iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955, injini mbili za pangaboi, na mlio wake ule mkali kama filimbi inayotoboa masikio. Bawa lake linakaa juu ya mwili, kwa hiyo abiria halimzibi kitu, na madirisha yake ni makubwa ya umbo la yai. East African walikuwa nazo, Air Tanzania nao wakawa nazo.

Nikatafuta mchoro wa karatasi wa Fokker. Niliyoiona haikunivutia, na nyingine zilikuwa na rangi za mashirika ya mbali huko. Nikaona basi, nitachora mwenyewe. Nikanunua manila, karatasi ya kawaida ya manila ambayo bei yake haifiki soda, nikachukua penseli na rula. Nilitaka skeli ya 1 kwa 100 kwa sababu hesabu yake ni nyepesi, mita moja inakuwa sentimita moja. Lakini mita ngapi? Nilikuwa sijafungua hata kitabu. Nasikia nyuma yangu:

"Ishirini… na tisa."

"Nini hiyo, baba?"

"Bawa."

Nikaenda kutazama. Mita 29 kamili, ncha hadi ncha! Mtu ambaye asubuhi ile alimwita mwanangu wa kwanza kwa jina la marehemu shangazi. Nikamuuliza urefu. Akafumba macho. "Ishirini na tatu… na nusu." Kitabu kinasema mita 23.56. Mwenzenu nilitoka nje nikasimama uani dakika tano hivi kabla ya kurudi mezani.

Tangu usiku ule kazi ikawa ya watu wawili.

Hebu nikueleze inavyokwenda, maana wengi wanadhani ni kukata na kubandika tu. Mwili wa Fokker ni bomba, upana wake ni kama mita 2.7, kwenye karatasi milimita 27. Ukilifungua bomba hilo unapata karatasi ya upana wa milimita 85, ongeza tano za kupaka gundi. Ukiikunja hivi hivi itavunjika mistari mistari, kama shati lililokaa kwenye begi. Karatasi lazima uibembeleze kwanza: unaivuta kwenye ukingo wa meza, mara kumi, ishirini, mpaka yenyewe inaanza kujiviringa. Pale unapotaka mkunjo mkali, pitisha kwanza biki iliyoisha wino juu ya mstari, ukikandamiza. Ndani unaweka mbavu, yaani miduara ya kadibodi. Mimi nilikata boksi la viatu. Gundi ni ile nyeupe ya maseremala, na usiimimine! Paka kwa ncha ya kijiti. Gundi nyingi inaleta maji, maji yanakunja karatasi, kazi imeharibika.

Halafu kuna siri moja inayotofautisha fundi na mbabaishaji. Ukikata karatasi iliyopakwa rangi, ukingo wake unabaki mweupe. Ndege nzima ikiwa na mistari myeupe inaonekana kama iliyoshonwa kwa uzi. Basi kila kipande, kabla ya kubandika, unapitisha rangi kwenye ukingo. Kila kipande. Fokker yangu ilikuwa na vipande zaidi ya 100, kwa hiyo unaweza kupiga picha.

Kasheshe yenyewe ni pua. Karatasi inakubali kuwa bomba, inakubali kuwa pia, lakini haipendi kuwa duara kama yai. Inabidi uikate kama majani ya ua, kisha majani hayo yakutane kwenye ncha bila kuachana hata unywele. Pua ya kwanza ilifanana na ndizi iliyomenywa. Ya pili ilikuwa nzuri, nikaikalia. Ya tatu, ya nne, ya tano, Mzee anatikisa kichwa tu. Ya sita nikaona inatosha, hata mjumbe angeipokea. Mzee akaichukua kwa mkono wake mzima, akaipeleka karibu na taa.

"Rubani… haoni."

Nilikuwa nimeweka madirisha ya rubani chini mno. Nikaanza ya saba.

Ukiona hiyo ni wazimu, kuna kijana mmoja wa Kimarekani, Luca Iaconi-Stewart, mwaka 2008 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alianza kuunda Boeing 777 ya Air India kwa karatasi za manila, zile zinazotumika kutengenezea mafaili ya ofisini. Skeli 1 kwa 60, ndege ya urefu wa zaidi ya mita moja, ina viti ndani, magurudumu yake yanaingia na kutoka. Miaka ikapita yuko nayo, hata chuo aliwahi kukisimamisha kwa sababu yake. Mimi hapo nilimsomea mama watoto habari hiyo kwa sauti ili aone kwamba mumewe ana nafuu. Hakusema kitu. Aliniuliza tu kibano chake cha nyusi kiko wapi.

Maana na hilo nikiri. Kibano cha nyusi nilikichukua mimi, ndicho kinachoshika vipande vidogo. Na ile rangi ya kucha isiyo na rangi, iliyokuwa ikipungua kimiujiza, nilikuwa naipaka kwenye mabawa kuzuia unyevu. Wenzetu wa Dodoma na Arusha hawana taabu hii, lakini Dar hewa yenyewe ni maji. Masika ile bawa la kushoto lilijikunja usiku mmoja kama chapati. Nililinyoosha chini ya kamusi kwa siku nne. Na chakula kwa miezi miwili familia ilikula mapajani, kwa kuwa meza ilikuwa karakana. Mama watoto alinuna wiki ya kwanza. Ya pili akaacha, siku aliyomkuta Mzee ameweka mkono wake wa kulia, ule uliolegea, juu ya karatasi kuibana ili mimi nikate. Mpira hakuutaka. Karatasi aliibana.

Nilipofika kwenye magurudumu akaanza kunifundisha. Fokker ina gurudumu la pua mbele na jozi mbili za magurudumu zinazokunjwa kuelekea nyuma, ndani ya nyumba za injini. Mzee akawa anataka kusema kitu, anatafuta neno, jasho linamtoka. "Upepo," akasema mwishowe. Nikadhani anataka feni. "Si feni! Upepo… unavuta." Kumbe katika ndege nyingi magurudumu huinuliwa kwa msukumo wa mafuta, lakini Fokker hutumia upepo ulioshindiliwa, hata breki zake. Hilo mimi nilikuwa sijui, na kwenye ndege ya karatasi halina faida yoyote, lakini alilisema akarudia, akanionyesha kwa mdomo ule mlio wa upepo ukitoka, pssss, wajukuu wakacheka na yeye akacheka.

Ndege ikisimama kwenye miguu mitatu namna hiyo ina tabia ya kukalia mkia, sababu puani hamna kitu. Dawa yake ni kuficha uzito mbele. Nilibandika sarafu ya shilingi 50 nyuma ya pua kabla ya kuifunga, na huo ndio mshiko pekee ambao ndege hii imewahi kuniingizia.

Kwenye usajili tulipishana. Mimi niliandika 5H, herufi za Tanzania, nikiona nampa heshima. Akakataa kata kata. "Tano X." Hiyo ni ya Uganda, Kenya ni 5Y. Ndege za East African ziligawanywa usajili katika nchi zote tatu, kwa hiyo ulikuwa unaweza kupanda ndege Dar kwenda Mwanza, mkiani imeandikwa ya Uganda, na fundi aliyeifunga boliti ni Mtanzania anayekaa Nairobi. "Yangu," akasema, akigonga meza kwa kidole, "Tano X." Nikafuta, nikaandika.

Jumamosi iliyopita tukamaliza, au nilidhani tumemaliza. Nikabandika pangaboi mbili, mabapa manne manne, nilizikata usiku kucha. Nikataka zipendeze, kwa hiyo ya kushoto nikaipinda igeukie huku na ya kulia igeukie kule, zitazamane kama hereni. Nikaiweka Fokker mbele ya kiti chake. Mabawa sentimita 29, madirisha ya yai yamejipanga, mkia umesimama. Mjumbe naye alikuwepo. Siku hizi anapita jioni "kumjulia hali Mzee", lakini namwona anavyoichungulia meza.

Mzee akainama. Akatazama injini ya kushoto, akatazama ya kulia, akarudi ya kushoto.

"Nani… kafunga hii?"

"Mimi, baba."

"Zinazunguka… upande mmoja. Zote." Akazungusha kidole hewani, kidole cha mkono wa kulia, taratibu, kinatetemeka, mzunguko mmoja, wa pili. "Injini ni ile ile. Kushoto, kulia, ile ile. Hii ikiruka…" Hakumalizia, akapuliza tu mashavu, na mjumbe akasema "Lahaula!" kana kwamba kuna abiria ndani.

Basi pangaboi ya kulia nimeing'oa, na kidogo ya ubavu wa injini imechubuka nayo, itabidi nipake rangi upya. Mama watoto alipita akauliza kama sasa tunaweza kula mezani.

"Bado," Mzee akamjibu, mbele yangu kabisa. "Bado VC10."

Nimeshaangalia. Super VC10 ina injini nne mkiani, na kwa skeli yetu urefu wake ni sentimita 52. Rangi ya kucha itabidi ninunue yangu mwenyewe.